Kuliwa kwa Haki

Leseni ya kubashiri mtandaoni ni kibali cha serikali kinachomruhusu mfanyabiashara kupokea dau kutoka kwa umma kwa masharti fulani. Masharti yenyewe hayatofautiani sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Wamiliki huchunguzwa, mtaji hukaguliwa, programu za michezo hupelekwa maabara, walio chini ya umri unaoruhusiwa huzuiwa, na mchezaji huonyeshwa pa kupeleka malalamiko. Juu ya masharti hayo umejengwa msimamo unaosikika leo kila mahali, kuanzia bungeni wakati wa bajeti hadi kijiweni Jumamosi mchana mikeka inapoandaliwa: kwamba kampuni ikishapata leseni mchezaji wake yuko salama, na kwamba hatari iko kwa wale wasio na leseni.

Watetezi wa msimamo huo wana hoja, na inafaa zielezwe zilivyo. Wanasema kamari haifutiki kwa sheria. Ikipigwa marufuku huenda gizani, ambako hakuna kodi wala umri wa kuuliza. Wanasema anayeshinda jakpoti kwa kampuni yenye leseni akinyimwa hela zake anaweza kwenda kwenye bodi inayosimamia kamari, ilhali yule wa tovuti ya kichochoroni hubaki analalamika peke yake. Wanasema sekta inalipa kodi, inaajiri vijana, inadhamini timu. Wakibanwa zaidi, wanaitaja Uingereza, yenye mdhibiti anayetoza faini za mamilioni ya pauni. Hakuna hoja ya kipuuzi kati ya hizo. Ila kila moja, ikifuatwa hadi mwisho wake, haifiki pale inapodaiwa kufika.

1. Maabara hupima nini

Sharti linalotajwa kwa fahari kuliko yote ni upimaji wa programu. Maabara huhakikisha kwamba namba zinazoamua mshindi zinatoka kwa bahati tupu, na kwamba sehemu ya dau inayorudi kwa wachezaji ndiyo iliyotangazwa. Ni kazi ya kitaalamu na kwa kawaida hufanywa vizuri. Swali ni inamlinda mchezaji na nini. Inamlinda asiibiwe kwa hila. Haimlindi na hesabu yenyewe, na hesabu ndiyo biashara.

Mfano ulio karibu ni Aviator, mchezo uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019 na ambao sasa umejaa kwenye simu za Nairobi, Mwanza na Kampala. Kidege chekundu kinapaa, namba ya kuzidisha dau inapanda kutoka 1.00 kwenda juu, na mchezaji anatakiwa abonyeze kutoa hela kabla kidege hakijatoweka. Pembeni mwa kioo yanapita majina yaliyofichwa nusu ya wengine waliokwishatoa, na kiasi walichopata. Kisha mzunguko mwingine unaanza, baada ya sekunde chache tu. Asilimia 97 ya dau hurudi kwa wachezaji, na kampuni haifichi takwimu hiyo. Mchezaji anaweza hata kuhakiki kwa hesabu za kompyuta kwamba matokeo ya mzunguko hayakuchezewa. Haki imetimia.

Asilimia 3 inaonekana ndogo, ndogo kuliko makato ya kutoa kiasi kidogo cha hela kwa wakala. Lakini inakatwa kwenye kila dau, si kwenye hela alizoingia nazo mtu. Mwenye shilingi 200 za Kenya anayeweka shilingi 20 mara mbili kwa dakika atakuwa ameweka, kwa saa moja, dau la jumla ya shilingi 2,400. Asilimia 3 yake ni shilingi 72, yaani kwa wastani zaidi ya theluthi ya hela alizokuwa nazo zimekwenda kwa saa moja, bila mtu kumdanganya popote. Maabara haikuulizwa mzunguko uchukue sekunde ngapi, wala mtu acheze mingapi kwa usiku mmoja.

Mkeka, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa kwa pamoja, nao una hesabu yake. Ikichukuliwa kwamba kampuni imejiwekea asilimia 5 tu kwenye kila mechi, mkeka wa mechi moja una thamani ya shilingi 95 kwa kila 100. Mkeka wa mechi 10 una thamani ya shilingi 60 hivi, kwa kuwa asilimia 5 hiyo inakatwa mara kumi, kila mara kwenye kilichobaki. Ndiyo maana bonasi za kampuni hukua kadiri mechi zinavyoongezwa kwenye mkeka. Mteja hupongezwa kwa kuchagua bidhaa ghali kuliko zote dukani, na leseni haina neno juu ya hilo.

2. Mshirika asiyeweka dau

Mlinzi wa mchezaji hutakiwa asiwe na faida yoyote katika mchezaji kupoteza. Tanzania, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanza kazi mwaka 2003 chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iko chini ya Wizara ya Fedha. Wizara inayotakiwa kuona vijana wasipoteze kupita kiasi ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuona makusanyo yanapanda. Hakuna anayehitaji kuwa mla rushwa ili mgongano huo ufanye kazi yake. Inatosha kuwa na malengo ya mwaka.

Kenya ndiyo iliyouonyesha mgongano huu waziwazi zaidi. Mwaka 2017 bunge lilipitisha kodi ya asilimia 35 kwenye mapato ya kampuni za kamari, na sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa vijana. Mwaka uliofuata kodi hiyo ilishushwa hadi 15. Mwaka 2019 ikaja kodi ya bidhaa ya asilimia 20 kwenye dau lenyewe, mwaka 2020 ikafutwa, mwaka 2021 ikarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ikapanda hadi 12.5, na Desemba 2024 ikafika 15. Katikati ya 2025 ikageuzwa kuwa asilimia 5 ya hela mchezaji anazoweka kwenye akaunti yake ya kubeti. Vijana hawakubadilika mara zote hizo. Kilichobadilika ni hesabu za Hazina na nguvu ya ushawishi wa wenye kampuni.

Mabadiliko ya mwisho yanastahili kuangaliwa vizuri. Kodi ya mapato ya kampuni hukatwa kwa kampuni baada ya mchezo. Kodi ya hela zinazowekwa hukatwa kwa mchezaji kabla hata hajachagua mechi, na serikali hulipwa awe ameshinda au ameliwa. Kwa mpangilio huo, kila mchezaji anayeamua kupumzika mwezi mzima ni pengo dogo kwenye bajeti. Kisha serikali hiyohiyo humwambia, kwa herufi ndogo chini ya tangazo, acheze kwa kiasi.

Hata ile siku inayokumbukwa kuwa ya ukali mkubwa wa mdhibiti haikuwa ya mchezaji. Julai 2019 bodi ya kamari ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwamo SportPesa na Betin, na Safaricom ikatakiwa kufunga namba zao za malipo. Nchi ilitikisika. Mzozo wenyewe ulikuwa wa kodi: nani anadaiwa kiasi gani, na kodi ya ushindi ikokotolewe vipi. Laiti zingelipa kama zilivyotakiwa, kampuni zilezile, zenye michezo ileile na wateja walewale, zingepata leseni zao.

3. Uingereza ya mfano

Mdhibiti wa Uingereza ana wafanyakazi, takwimu na sheria ambazo bodi za Afrika Mashariki haziwezi ila kuzitamani. Sheria ya Kamari ya 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu 2007, inataja wazi ulinzi wa watoto na wanyonge kuwa mojawapo ya malengo matatu ya leseni. Kama leseni inamlinda mchezaji popote duniani, ingepaswa kuwa huko.

Machi 2023 Tume ya Kamari ya Uingereza ilizitoza kampuni za William Hill jumla ya pauni milioni 19.2, adhabu kubwa kuliko zote hadi wakati huo. Katika yaliyobainika, mteja mmoja aliruhusiwa kufungua akaunti mpya na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kuulizwa chochote. Wateja 331 walioomba wenyewe wafungiwe katika kampuni dada waliendelea kupokelewa. Tume ilisema kasoro zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilifikiria kwa uzito kusimamisha leseni. Ilifikiria. Leseni haikusimamishwa, kwa maelezo kwamba kampuni ilirekebisha haraka baada ya kubanwa.

Mnunuzi wa William Hill, mwaka uliotangulia, alikuwa kampuni ya 888, iliyolipa karibu pauni bilioni 2. Makosa yaliyoadhibiwa yalikuwa ya kabla ya ununuzi, hilo lisemwe kwa haki. Lakini 888 yenyewe ilikuwa imeadhibiwa pauni milioni 7.8 mwaka 2017, baada ya wateja zaidi ya 7,000 waliojifungia kukuta mlango uko wazi, na pauni milioni 9.4 mwaka 2022. Yaani aliyeadhibiwa mara mbili alimnunua aliyekuwa njiani kuvunja rekodi ya adhabu, na wote wawili walikuwa na leseni. Faini inayolipwa na biashara kuendelea ni gharama ya uendeshaji, haitofautiani na kodi ya pango.

Kwa nini kampuni hazijifunzi? Kamati ya Baraza la Mabwana la bunge la Uingereza ilitoa jibu Julai 2020: asilimia 60 ya faida ya sekta ilitokana na asilimia 5 ya wachezaji, wale ambao tayari wana uraibu au wako karibu kuupata. Kwa takwimu hiyo moja, msimamo wa leseni unapata ufa kuanzia kwenye msingi. Mdhibiti anamwagiza mfanyabiashara amtambue na kumzuia mteja ambaye ndiye anayemlipia mshahara. Mfanyabiashara anaitika, anaajiri maofisa, anaandika sera. Ofisi ya jirani, jengo lilelile, inamtumia mteja huyohuyo bonasi za mteja maalumu ili asihame.

4. Zana za kujilinda mwenyewe

Ulinzi unaotangazwa na wenye leseni una sura moja: mchezaji ajilinde. Ajiwekee kikomo cha hela. Ajifungie. Apige simu ya ushauri. Acheze kistaarabu. Kitufe cha kuweka hela hukaa juu ya ukurasa, chenye rangi, na hela huingia kwa kubonyeza namba ya siri mara moja. Kikomo na kujifungia kwa kawaida huwa ndani ya menyu, chini ya maelezo marefu, na mara nyingi mtu huishia kuambiwa awaandikie huduma kwa wateja. Hakuna fundi aliyeshindwa kuviweka pamoja.

Kibaya zaidi, kujifungia kwenye kampuni moja ni kujifungia kwenye kampuni moja tu. Nyingine ziko kwenye simu ileile. Hata Uingereza, ilipita zaidi ya miaka 12 tangu sheria ianze kutumika hadi Machi 2020, ndipo kila kampuni ya mtandaoni ilipolazimishwa kujiunga na GamStop, daftari la pamoja la waliojifungia. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mraibu aliyefunga mlango mmoja aliachiwa mingine yote, na mfumo uliitwa ulinzi.

Umri nao ni hadithi ya aina hiyo. Kampuni hutegemea usajili wa laini na pochi ya simu. Laini ikiwa ya mama, mtoto wa kidato cha pili ni mtu mzima. Na mtu mzima ni nani hasa? Sheria ya Uganda ya 2016 imeweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya na Tanzania ni 18. Kijana wa miaka 20 pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni mtoto upande mmoja wa barabara na mteja halali upande wa pili, bila kubadilisha simu.

Mikopo ndiyo sehemu ambayo haizungumzwi kabisa. Aprili 2020 Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo, kwa hoja kwamba mtu asicheze kwa hela asizo nazo. Afrika Mashariki wachache wana kadi hizo. Mkopo huku huja kwa simu, unaingia kwenye pochi ileile ya simu, na ukishaingia unakuwa salio kama salio lingine. Kampuni ya kubeti inaona hela tu. Sharti la leseni lililonakiliwa kutoka London, kama lingenakiliwa, lisingegusa hata shilingi moja.

Kuhusu matangazo hakuna haja ya maneno mengi. Mwaka 2019 bodi ya Kenya ilipiga marufuku mabango, matangazo ya mitandao ya kijamii na matumizi ya watu mashuhuri. Aprili 2025 bodi hiyohiyo ilisimamisha matangazo kwa siku 30, kisha ikatoa mwongozo unaopiga marufuku matumizi ya watu mashuhuri. Marufuku ya kwanza ingekuwa imeshika, ya pili isingekuwa na wa kumkataza.

5. Wasio na leseni, wenye leseni

Hoja inayobaki mkononi baada ya zote ni tishio: mdhibiti akibana sana, wachezaji watakimbilia tovuti za nje zisizo na leseni. Tishio hili lina ukweli Ulaya. Lakini tovuti hizo za nje mara nyingi zina leseni, tena huionyesha chini ya ukurasa. Kwa miongo kadhaa kisiwa cha Curaçao kilikuwa na wachache wenye leseni kuu, na wao walisambaza leseni ndogo kwa tovuti nyingi duniani, wakawa wauzaji na wasimamizi kwa wakati mmoja. Sheria mpya ya kuufuta mpango huo ilianza kazi Desemba 2024. Wachezaji waliodhulumiwa kabla ya hapo walidhulumiwa na wenye leseni.

Malta ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya na mdhibiti wake ana heshima kubwa. Wachezaji wa Austria na Ujerumani walipoanza kushinda kesi kwenye mahakama za nchi zao na kuamuriwa warudishiwe hela walizopoteza kwa kampuni zenye leseni ya Malta, bunge la Malta mwaka 2023 lilipitisha kifungu kinachozitaka mahakama zake zisitambue hukumu hizo dhidi ya wenye leseni wake. Hapa leseni imefika kilele cha kazi yake. Inalinda kikamilifu, na anayelindwa anajulikana.

Tena Afrika Mashariki si Ulaya kwa jambo moja linalosahauliwa na wanaonakili hoja za Ulaya. Huku hela za kubeti hupita, kwa sehemu kubwa sana, kwenye kampuni chache za simu. Yaliyotokea Kenya 2019 ni ushahidi: pamoja na kesi na amri za mahakama zilizofuata, kabla ya mwaka kwisha SportPesa na Betin zilikuwa zimefunga shughuli zao nchini. Dola iliyoweza kuzisimamisha kampuni kubwa kwa ajili ya kodi haiwezi kudai kwamba haina mkono wa kuzibana kwa ajili ya mchezaji.

6. Jezi

Udhamini wa michezo hutajwa kana kwamba ni sadaka. Julai 2017 Everton ya Uingereza ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia kwenye Uwanja wa Taifa. Wayne Rooney akafunga, na SportPesa ilikuwa kifuani mwa timu zote mbili. Simba na Yanga zilikuwa zimeingia kwenye udhamini huohuo mwaka huo. Miezi michache baadaye, Januari 2018, kodi ile ya asilimia 35 ya Kenya ilipoanza, kampuni ikaondoa udhamini wake wote Kenya, na ligi na klabu zikabaki zinahangaika. Everton iliendelea kuvaa jezi yake. Hela iliyokusanywa kwa shilingi za mashabiki wa Kenya ilijua pa kubaki.

Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana kuondoa kampuni za kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mashabiki wa Kariakoo wanaoifuata ligi hiyo pamoja na ya kwao wanaweza kulinganisha wenyewe.

7. Kinachoitwa hakiwezekani

Husemwa mwishoni kwamba zaidi ya hapa hakuna la kufanya, mtu mzima ana hiari yake. Ujerumani, tangu Julai 2021, mchezaji hawezi kuweka zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kwenye kampuni zote kwa jumla, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Mfumo mmoja wa taifa unahesabu. Sloti za mtandaoni zimewekewa dau lisilozidi euro 1 na mzunguko usiopungua sekunde 5. Uingereza, baada ya miaka mingi ya kubishana, iliweka mwaka 2025 kikomo cha pauni 5 kwa mzunguko wa sloti za mtandaoni, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Hizi ni hatua za kugusa kasi na kiasi, vitu viwili ambavyo upimaji wa maabara haugusi, na ndiyo maana kampuni huzipinga kuliko faini.

Tanzania imekwisha kusajili laini za simu kwa alama za vidole zinazohakikiwa na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Kenya ina pochi za simu zilizofungwa kwa namba ya kitambulisho. Kikomo kimoja cha mwezi kwa kitambulisho kimoja, kwenye kampuni zote, ni kazi nyepesi kuliko ile ya kukata asilimia 5 kwa kila hela inayowekwa, ambayo tayari imeagizwa. Daftari moja la waliojifungia, linalosomwa na kampuni ya simu kabla hela haijatoka, halihitaji teknolojia ambayo haipo.

Agosti 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, ikaifuta ile ya 1966 na kuanzisha mamlaka mpya mahali pa bodi ya zamani. Sheria inataja ulinzi wa mchezaji mara nyingi, kama zinavyofanya zote. Kanuni zake ndizo zitakazoonyesha kama kikomo kitawekwa kwenye mfumo au kitaachwa kwenye menyu ya kampuni, mchezaji akitafute mwenyewe usiku, hela zikiwa zimekwisha.